Nataka kiwanda changu kiende miezi 6 bila mimi. Nianzie wapi?

MamaChapa

Wadau, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa waliowahi kukabidhi biashara yao kwa wafanyakazi na ikaendelea.

Nina kiwanda kidogo cha uchapaji. Tunachapa vitabu vya risiti, ankara, kadi za mialiko, vipeperushi na vijitabu. Tuko watano pamoja na mimi: fundi wa mashine, msanifu anayepanga kurasa kwenye kompyuta, dada wa mapokezi anayepokea oda na malipo, na kijana wa kukata, kukunja na kubana. Ninatarajia mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, nami nimeamua miezi hiyo yote niwe nyumbani kwa moyo wote, bila simu ya kiwanda sikioni. Nina muda wa kutosha kujiandaa, kama nitaanza sasa.

Watu wangu wanajua kazi, hilo sina shaka nalo. Shida ni kwamba kila jambo lazima lipite kwangu. Jana fundi alikuja kuuliza kama karatasi ya gramu 80 ya muuzaji mpya itafaa kwa oda ya vijitabu. Hajaondoka, mapokezi akataka kujua kama mteja wa siku nyingi aruhusiwe kuchukua mzigo wakati hajamaliza kulipa. Nyuma yake msanifu amesimama na prufu mbili (nakala za majaribio kabla ya kuchapa) mkononi, nimchagulie nyekundu ipi. Nikienda kliniki, kazi inapoa mpaka nirudi. Na si wavivu hawa! Nawapenda na najua wananiheshimu. Wamezoea tu kwamba jibu liko kwangu.

Nimeanza kuandika maelezo ya kila kazi, hatua kwa hatua, lakini naona kama naandika kitabu ambacho hakuna atakayekifungua. Nafikiria kumfanya fundi wa mashine msimamizi kwa sababu ndiye wa siku nyingi kuliko wote. Fedha sijui nimwachie nani. Na zaidi ya yote, nitajuaje kwamba wako tayari kabla sijaondoka?

MzeeWaRola

Hongera sana mwanangu, Mungu akujalie ujifungue salama. Mimi pia ni mchapaji. Kiwanda changu sasa kinaendeshwa na vijana niliofanya nao kazi, mimi hupita mara moja moja kuwasalimia na kutazama hesabu. Nitakueleza tulivyofika hapo.

Hayo maelezo ya kila kazi yaweke kando kwanza. Fundi wako hahitaji kuandikiwa jinsi ya kuosha rola kabla wino haujakauka. Umesema mwenyewe kwamba kazi wanaijua. Kilichobaki mikononi mwako ni maamuzi, na ukiwaachia kazi zote bila maamuzi, simu itakufuata mpaka wodini.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili, kila anayekuja na swali liandike: nani ameuliza, ameuliza nini, umemjibu nini na kwa nini umemjibu hivyo. Usiruke hiyo "kwa nini", maana ndiyo wanayoikosa. Chukua huyo mteja wa siku nyingi. Naamini ulimruhusu achukue mzigo, na sababu unayo kichwani: hana deni la nyuma, na alichokwisha kulipa kinarudisha gharama ya karatasi, wino na kazi. Basi hiyo iandike iwe kanuni: mzigo unatoka kabla ya malipo kukamilika endapo mteja hana deni la nyuma na malipo yaliyopo yamerudisha gharama. Dada wa mapokezi ana taarifa zote mbili mezani kwake, pengine kukuzidi wewe. Alichokosa ni ruhusa.

Wiki mbili zikiisha kaeni wote watano, msome daftari pamoja. Mengi mtayakuta yana jibu lile lile kila siku. Hayo yanakuwa kanuni ya mstari mmoja. Mengine yanahitaji busara, kwa hiyo yawekee mipaka: ndani ya mpaka mtu anaamua, anaandika alichoamua, kazi inaendelea. Yatabaki machache ambayo ni ya mwenye mali, kama kukopa, kununua mashine, kuajiri na kufukuza. Hayo yangoje.

Kuhusu mipaka nikuambie jambo moja lililotusaidia mno. Sisi mipaka ya kurudia kazi iliyoharibika hatukuiandika kwa fedha, tuliiandika kwa rimu. Fundi akigundua kosa ni letu, anarudia kuchapa bila kumwuliza mtu mradi haivuki rimu 2. Ikivuka, anakaa kwanza na mapokezi waangalie oda na tarehe ya mteja. Fundi aliyesimama mbele ya mashine haoni fedha, anaona karatasi inapungua kwenye rafu. Mpe kipimo anachokiona kwa macho yake na hatababaika. Na wewe tafuta vipimo vya aina hiyo kwa kila mmoja: kwa mapokezi ni asilimia ya punguzo anayoweza kutoa, kwa msanifu ni idadi ya masahihisho kabla mteja hajaanza kutozwa ya ziada.

Sasa jinsi ya kuwazoesha. David Marquet, aliyekuwa nahodha wa nyambizi ya Marekani USS Santa Fe mwaka 1999, aliwataka maofisa wake waache kuomba ruhusa na badala yake wamwambie, "Nakusudia kufanya hivi." Mimi nilikuja kulisikia hilo baadaye, lakini ndivyo hasa inavyotakiwa. Fundi akija na swali la karatasi ya gramu 80, mwulize, "Wewe unakusudia nini?" Halafu nyamaza. Ukimya huo ni mgumu, hasa kwako wewe unayejua jibu na una haraka. Atakuambia, "Nakusudia kupitisha karatasi chache kwanza, nione kama wino wa upande mmoja unaonekana upande wa pili." Mwambie endelea. Akikosa la kusema, mrudishe akafikiri, usimpe jibu ili aondoke. Baada ya muda watakuja wakiwa wameshaamua, na baadaye kabisa hawatakuja.

Kuandika hatua kwa hatua nako kuna mahali pake, ila pale tu ambapo kosa likipita halirudi. Kwetu wachapaji ni kati ya prufu na mashine. Kabla ya kuchapa, sisi tuna karatasi moja ya kukagua, imebandikwa juu ya mashine: mteja ametia saini kwenye prufu, namba ya simu na anuani zimesomwa kwa sauti, picha zina nukta 300 kwa inchi, ukingo wa ziada utakaokatwa ni milimita 3, kurasa za kijitabu cha kubana pini katikati zinagawanyika kwa 4, namba ya kwanza ya kitabu kipya cha risiti inafuata ya mwisho ya kitabu cha zamani. Basi.

Fundi wako hodari anaweza kuona anadharauliwa kupewa orodha. Mweleze habari ya ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, iliyoanguka Oktoba 1935 pale Wright Field, Ohio, muda mfupi baada ya kupaa. Aliyeirusha hakuwa mwanafunzi, alikuwa rubani mzoefu wa jeshi. Kufuli inayozuia usukani usitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa haikufunguliwa. Baada ya pale marubani wakaanza kutumia orodha fupi ya kukagua kabla ya kuruka, nao ndio waliokuwa mahodari wa wakati wao.

Kuhusu msimamizi, nakusihi usiharakishe kumtoa fundi kwenye mashine. Akisimama kujibu simu, mashine imesimama. Kwetu aliyefaa kuratibu ni mtu wa mapokezi, kwa sababu kila oda inaingia na kutoka mbele ya macho yake na anajua nani ameahidiwa nini lini.

Na swali lako la mwisho: utajua wako tayari kwa kutokuwepo. Anza na asubuhi moja, kisha siku nzima, kisha wiki, simu ya kazi umeizima. Fanya hivyo ukiwa bado na nafasi ya kurudi. Ukirejea usirekebishe kitu. Uliza nini kilikwama na mkiandike daftarini, halafu mpaka ule usogezwe au kanuni ile ifafanuliwe, kisha uondoke tena.

MkaguziWaHesabu

Dada, mzee amesema vizuri kuhusu maamuzi. Mimi naongeza upande wa fedha, kwa sababu ndiko nilikoona biashara nyingi za familia zikiumia mwenye mali anapoondoka.

Usiulize "nani nimwachie fedha". Hakuna mtu mmoja wa kuachiwa fedha, hata awe mwaminifu kiasi gani. Anayepokea fedha asiwe yeye anayelinganisha hesabu. Benki ya Barings ya Uingereza, iliyokuwa imeishi zaidi ya miaka 200, ilianguka Februari 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827. Nick Leeson wa ofisi ya Singapore alikuwa akinunua na kuuza kwenye soko, na papo hapo akisimamia kumbukumbu za manunuzi na mauzo yale yale. Aliweza kuficha kwa sababu hapakuwa na jicho la pili. Kiwanda chako ni kidogo, lakini tundu ni lile lile, na dada wa mapokezi ndiye litakayemdhuru wa kwanza: siku hesabu ikipungua, hatakuwa na namna ya kuonyesha kwamba si yeye.

Kwa watu wanne inawezekana kabisa. Mapokezi anapokea na kutoa risiti yenye namba. Jioni msanifu anahesabu naye: risiti kutoka namba fulani hadi fulani, jumla yake, na fedha iliyopo, wote wawili wanatia saini. Fedha inakwenda benki siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, wala mauzo yasitumike kununulia kitu kabla hayajafika benki. Kwa matumizi madogo weka masurufu ya kiasi kisichobadilika. Wakati wowote ukifungua kisanduku, fedha iliyobaki ukijumlisha na vocha za matumizi lazima upate kiasi kile kile cha mwanzo. Malipo makubwa kwa wauzaji yaandaliwe na mmoja, yaidhinishwe na mwingine. Mabenki mengi yana utaratibu wa watia saini wawili, pamoja na kiwango ambacho juu yake lazima uidhinishe wewe. Nenda benki mapema, mambo haya hayakamiliki kwa siku moja.

Pia linganisha karatasi. Rimu zilizotoka bohari, ukitoa zilizoharibika, zilingane na oda zilizochapwa. Katika uchapaji mali hupotelea kwenye karatasi kuliko kwenye droo ya fedha.

Mazoezi ya kutokuwepo yawahusu na wao pia. Shirika la bima ya amana la Marekani, FDIC, huzishauri benki kwamba wafanyakazi wenye nafasi nyeti wachukue likizo ya angalau wiki mbili mfululizo kila mwaka, mtu mwingine akifanya kazi yao. Hapo ndipo yaliyofichwa hujitokeza, na pia hapo ndipo mnagundua kazi ambayo mtu mmoja tu anaijua. Usiondoke kabla kila mmoja wa hao wanne hajawahi kukosekana na kazi yake ikafanyika.

Mwisho, tarehe za kodi, leseni, bima na pango ziandikwe ukutani zikiwa na jina la anayehusika, na nywila za barua pepe na akaunti za kiwanda zihifadhiwe mahali ambapo watu wawili wanaweza kuzifikia. Kama kuna hati ambazo sheria inataka uzisaini wewe, mwone wakili mapema kuhusu hati ya uwakili, yaani ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yako, yenye mipaka iliyo wazi.

NiliyeachiwaFunguo

Mimi niko upande wa pili. Niliachiwa karakana ya samani bosi wangu aliposafiri kwa muda mrefu, kwa hiyo dada naomba unisikilize kwa niaba ya hao wanne.

Kilichonisaidia ni kwamba kabla hajaondoka alituita sote, akasema mbele ya kila mtu: kuanzia tarehe fulani huyu ndiye anayeamua haya na haya, na akikosea atanijibu mimi, si ninyi. Kama angeniambia mimi peke yangu ofisini, wenzangu wangeniona najipendekeza. Aliwapigia pia wateja wakubwa mmoja mmoja kunitambulisha.

Kilichoniumiza kilikuja baadaye. Usiku mteja anamtumia ujumbe, naye kwa wema wake anamjibu: sawa, nitakupunguzia, kitanda kitakuwa tayari Ijumaa. Asubuhi mteja anafika na ujumbe mkononi wakati mimi nimeshamwambia Jumatano ijayo na bei ni ile ile. Nilionekana mwongo mbele ya mafundi niliotakiwa kuwaongoza. Ikitokea mara chache tu, wateja wanajifunza njia ya kukuruka. Tafadhali, mteja akikuandikia nyumbani, mjibu neno moja la upendo na umrudishe kiwandani. Hata kama unaona uamuzi wa kiwandani si ule ambao ungeufanya wewe.

Na mshahara. Mzigo ukiongezeka, malipo yaongezeke kuanzia mwezi wa kwanza, yasiwe ahadi ya "nikirudi tutaangalia". Mtu anayebeba wasiwasi wa kiwanda kizima hulala na wasiwasi huo.

MamaChapa

Nimesoma zaidi ya mara moja, na nimewasomea hata nyumbani. Asanteni kutoka moyoni. Hilo la ujumbe wa usiku limenigusa hasa, maana wateja wangu wote wana namba yangu. Nitafungua namba ya kiwanda itakayokaa mapokezi na kuanza kuwahamishia huko sasa hivi, sio siku ya kuondoka.

Daftari nimelianza. Mpaka sasa maswali mengi ni ya msanifu, na karibu yote ni ya rangi. Mzee, hapo naomba msaada, kwa sababu rangi siwezi kuiandikia kanuni. Na la pili: dada wa mapokezi akiwa mratibu, naogopa fundi atajisikia ameshushwa. Amenitangulia kwa umri na ndiye aliyenifundisha mashine.

MzeeWaRola

Rangi ina kanuni, mwanangu. Kila mteja awe na bahasha yake, ndani yake nakala ya kazi ya mwisho aliyoipokea na kuridhika, ina tarehe na saini. Msanifu na fundi wanalinganisha prufu na nakala hiyo, wakiwa mahali pamoja, chini ya taa ile ile, sio kwa skrini. Skrini inatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu, hazitafanana kamwe. Kwa mteja mpya, mteja mwenyewe ndiye anayechagua kati ya prufu mbili na kusaini. Wewe usichague tena hata ukiwa umesimama pale. Ukichagua wewe leo, kesho atakusubiri.

Fundi umwone peke yake kabla ya kikao, na uende kwake, usimwite. Mwambie wazi kwa nini unamhitaji kwenye mashine. Kisha mpe mamlaka ambayo mratibu hana: akisema kazi hii haichapwi, haichapwi, hata kama mteja amesimama mlangoni na mratibu anataka itoke. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi yeyote akiona kasoro ana haki ya kuvuta kamba ya kuita msaada, na kasoro isipotatuliwa mara moja mstari mzima wa uzalishaji unasimama. Kwako kamba hiyo iwe mikononi mwake. Mratibu apange foleni ya oda na ahadi kwa wateja, fundi awe na neno la mwisho juu ya ubora. Yasemwe yote mawili kikaoni, kwa pumzi moja, kama alivyoeleza huyo ndugu wa samani.

Kubalianeni pia ni lini wakupigie. Sisi tuliandika manne: mtu ameumia, moto au wizi, barua ya serikali au ya mahakama, na mashine kusimama zaidi ya siku mbili. Anapiga mratibu, au fundi kama mratibu hayupo. Mengine yote yasubiri ukurasa wa Ijumaa, nao uwe ukurasa mmoja: oda zilizoingia, zilizotoka, zilizochelewa na sababu, fedha iliyofika benki, madeni ya wateja, rimu zilizobaki na zilizoharibika, halafu maamuzi waliyofanya wiki hiyo nje ya kanuni. Anza kuupokea sasa ukiwa bado upo, ili uzoee kusoma kiwanda kutoka kwenye karatasi na wao wazoee kukiandika.

Ukishajifungua, mtu wa nyumbani aupokee ukurasa huo kwanza. Kama hakuna kinachohitaji uamuzi wako, akuwekee utausoma ukipata nafasi.